Kupunguza Sahani, Kuacha Wanga au Kufunga kwa Saa: Ipi Itakaa Nawe?

Anayetaka kupunguza kitambi siku hizi hakosi wa kumshauri. Jirani kaacha ugali tangu Januari na suruali zinamvuka. Mwenzake wa kazini hatii kitu mdomoni mpaka saa sita mchana. Muuguzi wa kliniki kamwambia "punguza kula, fanya mazoezi," kisha kamwita mgonjwa anayefuata. Wote watatu wana ukweli wao, na hapo ndipo mtu anapochanganyikiwa. Njia zote tatu hupunguza uzito, na zote tatu hushindwa, ila kila moja hushindwa mahali pake. Ukijua wewe utakwamia wapi, kuchagua kunakuwa rahisi.

Tumchukue mtu mmoja wa mfano tumtumie mpaka mwisho: kilo 86, urefu sentimita 168, kiuno sentimita 102, kazi ya kukaa. Kipimo cha haraka cha kiuno ni kwamba kisizidi nusu ya urefu, kwa hiyo huyu angetakiwa awe chini ya 84. Kiuno hupimwa kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Usipime kwenye mkanda wa suruali. Wanaume wengi hufunga mkanda chini ya tumbo, wakajidanganya kwa sentimita kumi nzima.

Hesabu iliyo chini ya njia zote

Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, ya pombe 7, ya mafuta 9. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni takribani kalori 7,700. Ukila pungufu kwa kalori 500 kila siku, kwenye karatasi utapungua karibu kilo mbili kwa mwezi. Mwilini huwa chini ya hapo, kwa sababu mwili uliopungua hutumia nishati kidogo, na kwa sababu mwenye njaa hujikuta anakaa zaidi kuliko zamani bila kujijua.

Njia hizi zimeshapambanishwa kwa majaribio ya mwaka mzima. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilichapisha mwaka 2018 jaribio la watu 609: nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Mwaka 2022 likaja jaribio la Guangzhou, China, la watu 139 wenye unene. Wote walipunguziwa kalori, ila kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Baada ya mwaka, waliobanwa saa walikuwa wamepungua kilo 8.0 na wenzao 6.3, na hapo pia tofauti haikutosha kusema njia moja imeishinda nyingine.

Kwa hiyo anayekuambia njia yake ndiyo pekee inayoyeyusha mafuta, msikilize kwa adabu tu. Kinachoamua ni jikoni kwako, kazi yako, watu unaokula nao na dawa unazotumia.

| | Kupunguza sahani | Kuacha wanga | Kufunga kwa saa |
|---|---|---|---|
| Kinachoguswa | kiasi | aina ya chakula | muda wa kula |
| Mwezi wa kwanza, mara nyingi | kilo 1–2 | kilo 3–5, sehemu kubwa maji | kilo 1–3 |
| Bajeti ya jikoni | hushuka kidogo | hupanda | hubaki palepale |
| Chungu cha nyumbani | kimoja | viwili | kimoja, saa tofauti |
| Hukwamia wapi | sinia, mafuta ya kumimina kwa macho | harusi, msiba, bei ya nyama | kufidia usiku |

Kupunguza sahani

Hii ndiyo njia ya muuguzi, na huonekana dhaifu kwa sababu huelezwa nusunusu. "Punguza kula" haisemi upunguze nini. Ikielezwa kamili ni hivi: sahani ya kawaida ya upana wa sentimita 23 hadi 25, nusu yake mboga za majani au za kupika kama bamia, kabichi na bilinganya, robo protini, yaani samaki, maharage, mayai, nyama au dagaa, robo iliyobaki wanga.

Lugha yenyewe hututega hapa. "Mboga" kwetu ni chochote kinachoteremsha ugali, hata nyama ya ng'ombe. Mtu akiambiwa "ongeza mboga" anaweza kwa moyo safi kabisa kuongeza rosti. Kwa hiyo tuseme mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki. Na kisamvu cha nazi na karanga kihesabiwe kama mchuzi wa mafuta. Ukijani wake usikudanganye.

Robo ya wanga ni kiasi gani? Bonge la ugali la ukubwa wa ngumi yako, karibu gramu 200 hadi 220, lina kalori kama 280. Sahani ya mama lishe mara nyingi hubeba mabonge mawili au zaidi, kwa hiyo kurudi kwenye ngumi moja kunaokoa takribani kalori 280 kwa mlo mmoja, na huo ni zaidi ya nusu ya upungufu wa siku. Wali ulioiva una kalori kama 130 kwa gramu 100 kabla ya mafuta na nazi. Dona haimpunguzii mtu kalori za maana, kwani ina karibu kalori zilezile za sembe. Faida yake ni nyuzinyuzi na shibe ya muda mrefu. Anayekula mabonge matatu ya dona akidhani ni dawa ya kitambi atangoja sana.

Kisha mafuta, na hapa ndipo pana akiba ambayo haionekani kwa macho. Kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, ni kalori 120. Tazama mkono wa mpishi asiyepima: chupa inainamishwa juu ya sufuria, inahesabika moja, mbili, tatu, na tayari zimeingia mililita 60 hadi 100. Mililita 100 ni zaidi ya kalori 800. Chungu kikiliwa na watu wanne, kila mmoja kala kalori 200 za mafuta tupu, kabla ya nyama na kabla ya ugali. Pima vijiko vitatu kwa chungu hicho, kaanga kitunguu kwa moto mdogo ukiwa umefunika, na kikianza kushika chini ongeza kijiko cha maji badala ya mafuta. Mchuzi hautapoteza ladha. Utakachokosa ni ule utando wa mafuta unaoelea juu, ambao wengine huuhesabu kuwa ndiyo dalili ya mchuzi mzuri.

Cha tatu ni sukari ya kunywa. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko tisa vilevile. Mtu anaweza kujisifu kwamba haonji soda, kumbe anainywa kwa mafungu matatu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikibidi chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata yote siku moja, chai itakuwa chungu na Jumatano utarudi.

Njia hii hukwamia wapi? Kwanza kwenye sinia. Mkila pamoja huwezi kujua umekula kiasi gani, na adabu inataka usiwe wa kwanza kunawa. Jipakulie chako kwenye kibakuli kabla sinia halijakaa mkekani, au kubali kwamba mlo huo haupimiki na ubane milo mingine. Pili, watu hupunguza ugali bila kuongeza protini, wakafika saa nne usiku wana njaa ya kuvunja kabati. Lenga gramu 25 hadi 30 za protini kila mlo. Mayai mawili yana 12, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, gramu 30 za dagaa wakavu kama 18, kipande cha samaki cha gramu 100 zaidi ya 20. Maharage na dagaa pamoja vinatosha, na hakuna protini ya bei ndogo kuliko hiyo sokoni.

Tatizo la tatu ni uvumilivu. Nusu kilo kwa wiki haionekani kwenye kioo, na wengi huacha wiki ya tatu, wakati ndipo mwili unapoanza kuitikia.

Kuacha wanga

Huku mambo ni ya kishindo. Toleo kali linataka wanga chini ya gramu 50 kwa siku, na lile bonge moja la ngumi lina kama gramu 60. Maana yake ugali, wali, chapati, mihogo, ndizi na viazi vinatoka, na maharage pia yanatoka, kwa sababu kikombe kimoja kina kama gramu 40. Yanabaki nyama, samaki, mayai, parachichi, karanga kidogo na majani. Kwa nyumba ambayo maharage ndiyo nyama ya kila siku, hilo ni badiliko kubwa la bajeti, na watoto bado wanahitaji wali wao.

Wiki ya kwanza mizani hushuka kilo moja na nusu hadi tatu, na ndiyo sababu njia hii ina mashabiki wenye sauti. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, kiasi cha nusu kilo hivi, na kila gramu hushikilia kama gramu tatu za maji. Ghala likitoka, maji yanatoka nalo. Ukirudi kula pilau siku ya harusi, ghala linajaa tena: kilo moja na nusu ndani ya siku mbili. Mtu huona mizani, anaamini amenenepa kwa sahani moja, anakata tamaa na kula kila kitu wiki nzima. Siku mbili hizo ni maji, na mtu aliyeelezwa mapema hatishiki nayo.

Siku ya pili hadi ya tano tarajia kichwa kuuma, miguu kukaza, uchovu na choo kigumu. Mengi ya haya ni chumvi na maji kupotea kwa mkojo, hivyo supu yenye chumvi kiasi na maji ya kutosha husaidia. Mwenye presha asiongeze chumvi kabla ya kuzungumza na daktari wake. Harufu ya mdomo hubadilika na hukaa wiki kadhaa.

Mazuri yake ni ya kweli. Njaa hupungua kwa wengi, na mwenye kisukari cha ukubwani mara nyingi huona sukari ikishuka haraka. Kwa baadhi ya watu lehemu mbaya, yaani kolesteroli, hupanda, hasa nyama ikiwa ya mafuta na kila kitu kikaangwe kwa samli. Pima lehemu kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi mitatu.

Lipo pia toleo la kati, gramu 100 hadi 130 kwa siku, ambalo kimsingi ni sahani ya robo wanga iliyokazwa: bonge la ngumi mchana, maharage nusu kikombe usiku, hakuna sukari ya kunywa. Halina kishindo, kwa hiyo halina mashabiki, lakini kwa maoni yetu ndilo linalofaa wengi wanaotaka njia hii, kwa kuwa linavumilia msiba na harusi.

Kufunga kwa saa

Mpangilio unaojulikana zaidi ni saa 16 bila kula na saa 8 za kula, kwa mfano saa sita mchana hadi saa mbili usiku. Maji, chai ya rangi na kahawa bila sukari vinaruhusiwa wakati wote. Maziwa kwenye chai yamefungua, na kijiko kimoja cha sukari kimefungua pia. Anza na saa 14 kwa wiki mbili, yaani kula kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, kisha songa kwa nusu saa.

Watu wa pwani hulinganisha hili na swaumu, na ulinganisho huo unapotosha. Mfungaji wa Ramadhani hanywi maji mchana, hula usiku, na mara nyingi hufungua kwa vinavyobeba kalori nyingi kuliko mlo wowote wa mwaka: mihogo ya nazi, viazi, tambi za sukari, kaimati zenye shira, uji, kisha chakula kikuu, kisha daku. Wapo wanaotoka mfungo wakiwa wameongezeka, na hakuna la kushangaza hapo. Ibada ina makusudio yake. Aliyezoea kufunga Jumatatu na Alhamisi, hata hivyo, tayari anajua kuishi na njaa ya saa tano asubuhi, na hilo ni nusu ya kazi.

Njia hii inamfaa asiyependa kula asubuhi, anayechoka kuhesabu, na ambaye kalori zake nyingi huingia baada ya saa tatu usiku mbele ya televisheni. Haimfai fundi wa ujenzi anayebeba zege tangu saa moja, wala mkulima wakati wa palizi. Hao huishiwa nguvu saa ambayo kazi ni nzito, kisha wakafidia jioni.

Kufidia ndiko kunakoivunja. Saa sita inagonga, mtu anafungua kwa chipsi mayai na soda. Chipsi za kukaanga zina kalori kama 300 kwa gramu 100. Sahani ya gramu 250, mayai mawili na mafuta yake inakaribia kalori elfu moja, na huyu bado ana mlo wa jioni. Fungua kwa protini na majani kwanza, wanga baadaye, na sahani iwe ileile ya robo. Ukitazama vizuri, kufunga kwa saa bila sahani ni nusu ya njia.

Dawa kwanza, njia baadaye

Sehemu hii wengi huiruka, nasi tungeomba isirukwe. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenklamidi akifunga au akikata wanga bila kupunguziwa dozi anaweza kushukiwa sukari hadi kuzimia. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake haina hatari hiyo kwa kawaida. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, nazo dawa za kisukari, asikate wanga kwa ukali, kwani damu yake inaweza kujaa asidi hatari hata kama kipimo cha sukari kinasoma kawaida. Mwenye vidonge vya presha huanza kuona kizunguzungu akisimama, kwa sababu presha imeshuka na dozi imebaki ya zamani. Dawa za maumivu kama diklofenaki haziendani na tumbo tupu. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula, hawa wabaki kwenye sahani.

Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya mitandaoni hatukuviweka kwenye ulinganisho. Nyingi ya chai hizo zina majani ya kuharisha, na kinachopungua ni choo na maji.

Mwendo: kutembea, mchakamchaka au uzito

Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Dakika 150 ni dakika 22 kwa siku. Zile hatua 10,000 zinazosifiwa zilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Lilikuwa jina zuri la biashara, usikose usingizi kwa ajili yake.

Kutembea kwa wastani maana yake ni hatua kama 100 kwa dakika. Hesabu sekunde 15, zikifika 25 uko sawa. Unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mtu wetu wa kilo 86 akitembea hivyo nusu saa hutumia karibu kalori 150, yaani soda moja. Ndiyo maana mazoezi pekee bila jikoni hupunguza polepole mno. Faida ya kutembea iko kwenye presha, sukari na usingizi, na kwenye uhakika kwamba hata Alhamisi yenye mvua utaweza kushuka vituo viwili kabla ya chako. Kwenye miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, nenda kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

Mchakamchaka huchoma zaidi ya mara mbili ya hapo kwa muda uleule, na kwenye kikundi una raha yake. Asubuhi za wikendi Coco Beach, Dar es Salaam, au msitu wa Karura, Nairobi, hazihitaji mhamasishaji. Gharama iko miguuni. Kila unyayo ukitua, mguu hupokea mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Anayeanza na kilometa tano siku ya kwanza huishia na maumivu ya muundi au kisigino wiki ya pili. Anza hivi: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, mara nane, siku tatu kwa wiki. Wiki ya tatu iwe mbili kwa mbili. Aliyezidi kilo 100 atembee kwanza wiki sita hadi nane.

Mazoezi ya misuli ndiyo yanayopuuzwa na ndiyo tungeanza nayo. Mtu akipungua bila kuyafanya, karibu robo ya kilo zinazotoka inaweza kuwa si mafuta, na sehemu yake ni misuli anayoihitaji uzeeni. Jimu si lazima. Kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, mara 10. Pushapu ukutani, kisha mezani, kisha sakafuni, mara 8 hadi 12. Inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, vuta ndoo ya lita 10 yenye maji kuelekea kiunoni, mara 10 kila mkono. Lala chali uinue nyonga, mara 15. Rudia mzunguko huo mara tatu, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Maji yana uzuri wake: lita moja ni kilo moja, kwa hiyo unaongeza uzito kwa kikombe. Makosa ya kawaida ni kuvuta ndoo kwa kupinda mgongo na kushikilia pumzi. Jimu inamfaa anayehitaji kutoka nyumbani ndipo afanye kitu. Ilipie mwezi mmoja mmoja kabla ya kuvutwa na punguzo la mwaka.

Kukunja tumbo mara mia hakuondoi kitambi. Huimarisha misuli iliyo chini yake, mafuta yakabaki juu.

Yote kwa mpigo au moja moja?

Januari mosi mtu anaacha sukari, anaacha wanga, analipa jimu, anaweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Ikifika tarehe 20 hakuna hata moja. Chuo Kikuu cha London kijulikanacho kama UCL kilifuatilia watu 96 waliojizoesha jambo moja kila mmoja, kikaona mazoea hukomaa kwa wastani wa siku 66, ila kwa mtu na mtu ilikuwa kati ya 18 na 254. Kunywa glasi ya maji hukomaa upesi, mazoezi huchelewa. La kufariji ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Kwa hiyo moja moja ni bora, isipokuwa kwa mtu mmoja: yule aliyeshtushwa na daktari wiki hii. Hamu yake ni kubwa sasa na itapoa, hivyo aitumie kufanya yanayofanywa mara moja tu: kutoa soda nyumbani, kununua kijiko cha kupimia mafuta, kukubaliana na anayepika. Huyu wa mwisho ni muhimu kuliko mizani. Kama wewe si mpishi wa nyumba yako, mpango wowote usiomhusisha mpishi ni maombi tu.

Usingizi chini ya saa saba huongeza hamu ya vitamu kesho yake. Bia moja ya nusu lita ina kalori kama 200, na hufuatana na nyama choma ambayo usingeiagiza ukiwa mkavu.

Tungemchagulia nani nini

Mtu wetu wa kilo 86, mwenye familia na chungu kimoja, asiye na dawa: sahani, kijiko cha kupimia mafuta, ndoo mara mbili kwa wiki, kutembea dakika 22. Akibaini kwa siku tatu za kuandika kila anachokula kwamba nusu inaingia usiku, aongeze saa 14 za kufunga. Mwenye kisukari cha ukubwani anayetaka kukata wanga: toleo la kati, akiwa na kipimo cha sukari nyumbani na dozi zilizopangwa upya. Anayeishi peke yake, anayeweza kununua samaki na mayai na anayejijua kwamba "kidogo" humshinda kuliko "hakuna kabisa": toleo kali kwa wiki nane hadi kumi na mbili, kisha arudishe wanga gramu 20 kila wiki.

Lengo la kwanza liwe asilimia 7 ya uzito, yaani kilo 6 kwa huyu wa 86. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2002 lililenga kiasi hicho pamoja na dakika 150 za mwendo kwa wiki kwa watu waliokaribia kisukari, na likapunguza wanaopata kisukari kwa asilimia 58. Metformini ilipunguza kwa 31.

Pima uzito mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya choo, na kiuno kila wiki mbili. Wiki nne zikipita bila mabadiliko usikimbilie njia nyingine. Pima upya mafuta na sukari ya jikoni kwa siku tatu, mara nyingi kijiko kimegeuka kuwa kumimina. Ukipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki baada ya wiki ya tatu, ongeza chakula, kwani kasi hiyo huleta mawe kwenye kifuko cha nyongo, na mwenye jongo huweza kushikwa na maumivu makali.

Na watu watasema. Kwetu anayepungua huulizwa kama anaumwa, wengine wasiulize, wanong'one. Jibu ni lako. Ila ukipungua bila kubadilisha chochote, au ukipungua ukiwa na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, au kiu na mkojo wa mara kwa mara, hapo usiipe sahani sifa hiyo, nenda ukapimwe.